Swali Lisomwe Mara Mbili

Mimi nimefundisha hesabu tangu nikiwa msichana, kwanza mjini Ngozi, halafu Bujumbura, huko Burundi, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kusoma neno la Kiingereza. Sisemi hivyo kwa kujisifu wala kwa aibu. Hesabu haikunidai Kiingereza. Ilinidai chaki, ubao na watoto wasiosinzia, na hivyo nilikuwa navyo.

Mwezi wa nane, mwaka 1994, nilirudi Kigali juu ya lori lililobeba sabuni. "Kurudi" ndilo neno tulilotumia sote tuliotoka nje, ingawa mimi niliondoka Rwanda nikiwa mtoto wa miaka kumi na nilichokikumbuka ni vumbi tu. Nilikuja kumtafuta dada yangu Mukagasana, aliyeolewa akabaki nyuma. Nyumba yake ya Gatsata niliikuta kuta tupu. Jirani mmoja alinionyesha kwa kidole mahali walipozikwa, yeye na mumewe na watoto wao, akaniomba nisimuulize zaidi.

Christella nilimpata juu ya lori lile lile. Alikuwa binti wa miaka kumi na minne kutoka Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, amekaa juu ya katoni la sabuni, magoti kifuani. Mama yake alikufa kwa malaria. Baba yake alivuka mpaka kwenda vitani na habari zake hazikusikika tena. Tulipofika Nyabugogo, kwenye kituo cha magari, kila mtu alishuka akaondoka na mtu wake. Yeye akabaki amesimama, na mimi nikabaki nimesimama. Nikamwambia, "Twende." Hakuuliza wapi. Tulipata chumba kimoja Remera, nyuma ya uwanja wa Amahoro, kwenye nyumba ambayo vyumba vingine vilikaliwa na watu wasiosalimiana.

Shule ilifunguliwa mwezi wa kumi. Mkuu wake aliitwa Norman, kijana aliyekulia Uganda, shati jeupe kila siku ya Mungu sijui alikuwa akilifua saa ngapi. Alikuwa mtu mwema. Nasema mapema kwa sababu nitamgombeza sana humu. Alitupata walimu mmoja mmoja, huyu kutoka Kampala, huyu kutoka Bukavu, na mshahara wetu ulikuwa maharage, unga na mafuta ya msaada. Watoto walikuwa mchanganyiko kama sisi. Mimi nilifundisha kwa Kinyarwanda, nikichovya Kifaransa, nikichovya Kiswahili, na hakuna aliyelalamika.

Tatizo lililetwa na vitabu. Vilikuja vya darasa la sita, makatoni machache kutoka Kampala, vyote kwa Kiingereza. Norman akafurahi mno. Akatangaza kwamba mitihani yote ya darasa la sita itakuwa kwa Kiingereza, kwa kuwa kuna shule ya bweni inayofunguliwa upande wa Mutara na wenzake waliotoka Uganda, na itachukua watoto wetu watakaofaulu mtihani wake wa Desemba. Bila malipo. Kitanda, chakula mara tatu, na daktari.

Niliposikia hayo nilimwaza papo hapo Christella, aliyekuwa kwenye darasa hilo la sita. Yale maharage hayakuwa yakitufikisha mwisho wa mwezi, lakini si hilo lililoninyima usingizi. Moyo wangu hupiga ovyo ovyo. Daktari wa Bujumbura alishaniambia nisipande milima, nami nikaja kuishi Kigali. Je, nikianguka siku moja pale chumbani, huyu mtoto ataokotwa na nani? Nilimtaka bwenini, mahali penye watu wanaomhesabu kila asubuhi. Na wakati huo huo sikutaka aondoke. Yeye ndiye aliyekuwa akikohoa upande wa pili wa chumba, na kikohozi chake kilikuwa kinanitosha kama mazungumzo.

Sikuwa na shaka kwamba atafaulu. Hesabu alikuwa nazo. Jioni, maji yakichemka, nilimtupia mafumbo: mfanyabiashara na mapipa yake, treni mbili, bomba linalojaza tangi na lingine linalolimwaga. Aliinua macho kwenye paa, halafu akajibu, na alikuwa sahihi. Mara nyingine aliniwahi hata mimi.

Matokeo ya kwanza yakatoka; karatasi zangu za hesabu Norman alizisahihisha mwenyewe, kwa kuwa zilikuwa za Kiingereza. Christella alikuwa wa tatu kutoka mwisho.

Nilienda ofisini kwa Norman nikiwa nimepandwa na hasira. Ofisi yake ilikuwa meza moja na dirisha lisilo na kioo.

"Umekosea kusahihisha," nikamwambia.

"Hapana, Mama. Angalia mwenyewe." Akanipa karatasi. Hesabu zilizoandikwa kwa tarakimu tupu, kujumlisha na kugawanya, alizipata zote. Zile zilizoandikwa kwa maneno aliziacha wazi, au alichukua namba mbili za kwanza alizoziona akazijumlisha. "Huyu mutoto iko na kichwa, lakini ni muvivu. Akiona swali refu, anachoka."

"Si mvivu. Hajui Kiingereza."

Norman akacheka, si kwa ubaya. "Mama, wewe mwenyewe umemusikia Ijumaa!"

Hapo alinikamata. Kila Ijumaa, kabla ya kwenda nyumbani, shule nzima ilisimama uani na mtoto mmoja wa darasa la sita alisoma ukurasa wa Kiingereza mbele ya wote. Ndivyo walivyofanya kwao Uganda, na Norman aliipenda ile saa kuliko saa zote. Sangwa, msichana wa Mbarara, huko huko Uganda, aliyekuwa wa kwanza darasani, alisoma vizuri. Lakini Christella alisoma kama redio. Hakukwama, hakumeza mate, na mwishoni aliinamisha kichwa kidogo. Walimu waliotoka Kampala walimpigia makofi. Mimi nilipiga makofi zaidi yao wote, na sikuelewa hata neno.

Nikarudi nyumbani nimenuna. Nilimwambia kwamba ananiaibisha, kwamba mtu mwenye akili akijifanya mjinga ni mwizi. Alisikiliza akichambua maharage.

Wiki iliyofuata alileta kitabu nyumbani, maana ilikuwa zamu yake tena kusoma. Vitabu vilikuwa vichache, kimoja watoto watano, na kukipewa usiku mmoja ilikuwa heshima. Nilikifungua ule ukurasa. Palikuwa na picha ya mzee mwenye baiskeli, nyuma amefunga kuku, na mbele yake mto umefurika. Sijui Kiingereza, lakini mto uliofurika naujua, na nilikuwa nimeusikia ukurasa ule ukisomwa mara nyingi mpaka ukaniudhi kwamba sijui mwisho wake.

"Niambie," nikasema, "huyu mzee alivuka?"

"Mzee gani, Madamu?"

"Huyu wa kuku! Wewe si ndiye unayemsoma kesho?"

Akaangalia picha muda mrefu. "Sijui kama alivuka."

"Hujui vipi, na unasoma mpaka watu wanapiga makofi?"

"Sangwa ananisomea saa ya mapumziko," akasema. "Mimi nashika. Nashika kila kitu, halafu natoa. Kujua inasema nini, hakuna mtu aliniuliza."

Nikakaa kitandani. Hakuna mtu aliyemuuliza, na hata mimi nilikuwa nimeuliza kwa ajili ya kuku. Kwetu Burundi nimewasimamisha watoto maelfu wakaghani Kifaransa kwa moyo, na aliyetoa sauti safi nikamwandikia kwamba anasoma. Hivyo ndivyo tulivyolelewa sote, sisi na wa Uganda, na kwa hilo tu tulikuwa ndugu kamili.

Jumatatu nikamfuata Benon, aliyefundisha jiografia na sayansi. Benon alikulia kambi moja ya wakimbizi huko Uganda na alikuwa mtu wa maneno machache. Nikamwomba tulinganishe alama zetu. Alitandaza zake juu ya dawati, mimi zangu, na tukaziangalia tukiwa tumesimama. Walio juu kwangu walikuwa juu kwake, katika jiografia na katika sayansi. Walio chini kwangu walikuwa chini kwake. Na juu karibu wote walikuwa wa Mbarara na Kampala, na chini karibu wote wa Bujumbura, pamoja na wale watoto wa hapa hapa Kigali waliobaki hai, ambao hata kuongea hawakuwa wakiongea.

"Kwa hiyo watoto wa Burundi ni wajinga wa hesabu, wajinga wa mito na wajinga wa moyo na mapafu?" nikamuuliza. "Wote, kwa mara moja?"

Benon akajikuna kidevu. "Mama, sisi tunasahihisha Kiingereza tu," akasema. "Tunakisahihisha mara tatu."

Nikamwambia Norman kwamba nataka kurudia mtihani wangu. Maswali yale yale, namba tofauti, ila nitafanya kama tulivyofanya siku zote Burundi: mwalimu anasoma swali kwa sauti mara mbili, kwa lugha ya watoto, na hakuna anayegusa kalamu mpaka amemaliza mara ya pili. Norman alishtuka. Kwao karatasi hufunikwa, kengele inalia, inafunuliwa, na mwalimu akifungua mdomo ni sawa na kuiba mtihani.

"Huo sasa ni mutihani ama ni hadithi?"

"Ni hesabu," nikamwambia. "Nionyeshe ni wapi kwenye cheti chako pameandikwa kwamba hesabu ni Kiingereza."

Alikubali, nadhani ili nitoke ofisini. Akaja kukaa nyuma ya darasa mwenyewe, mikono kifuani. Nilisoma kila swali mara mbili kwa Kinyarwanda, taratibu. Nilimwona Christella akiangalia paa. Nilimwona mtoto mmoja wa Kigali, ambaye tangu Oktoba sikuwahi kuliona jibu lake, akishika kalamu kabla sijamaliza, nikamkazia macho akaiweka.

Christella alilingana na Sangwa, wa kwanza wawili. Wa Burundi walipanda karibu wote. Wa Uganda walibaki pale walipokuwa, kwa kuwa hesabu walikuwa wanazijua tangu mwanzo na sikuwahi kusema vinginevyo. Kati ya wale wa Burundi, Kabera peke yake hakupanda. Kabera, maskini, hajui kugawanya kwa lugha yoyote aliyoiumba Mungu.

Norman alizipitia zile karatasi hadi ya mwisho. Nilisimama mbele yake nikisubiri anipongeze. Nilijisikia mshindi, niseme ukweli. Tangu Gatsata sikuwa nimejisikia chochote kizuri namna ile.

"Ni kweli," akasema. "Uko na haki, Mama. Nimekosea huyu mutoto." Kisha akaendelea kwa sauti ya chini. "Lakini kule Mutara, nani atamusomea mara mbili?"

Nikaanza kuzikusanya zile karatasi.

"Mwalimu wa sayansi hatamusomea. Wa historia hatamusomea. Atakaa na kitabu peke yake usiku, na kitabu kitanyamaza. Mimi najua. Nilitoka kambini sijui Kiingereza, wakanitupa ndani ya darasa, nikalia mwaka mzima."

"Basi umfundishe!"

"Nusu saa kwa siku haifai kitu. Lugha inataka nyumba." Akaangalia nje kupitia lile dirisha lisilo na kioo. "Mke wangu, Phiona, anaongea Kiingereza na watoto kuanzia asubuhi mpaka kulala. Vitabu viko. Kwetu Kibagabaga si mbali. Christella aje akae kwetu mpaka mutihani. Anakula kwetu, analala na binti yetu Gwiza. Akisoma kitu, Phiona anamuuliza, 'Inasema nini?' Kila ukurasa."

Nilimwambia nitafikiri. Nikatoka, na njiani nilimtukana Norman kwa lugha zote ninazozijua, ambazo si chache. Nilikuwa nimethibitisha kwa mkono wangu kwamba mtoto wangu anahitaji nyumba isiyokuwa yangu. Kama ningenyamaza, angeshindwa kwa amani, angebaki nami, angekohoa upande ule wa chumba mpaka nife. Hilo nililiwaza kweli, njia nzima, na lilinitia hofu kwa jinsi lilivyokuwa tamu.

Nilimwambia usiku huo huo, kabla halijanizidi nguvu. Nilimweleza kwa haraka na kwa ukali kidogo, ndivyo nilivyo ninapoogopa.

Akauliza, "Na weye utabaki na nani, Madamu?"

"Mimi nina kazi. Nina karatasi za kusahihisha. Kwani wewe unanisaidia kusahihisha?"

"Hapana."

"Basi."

Akaenda Jumapili, baada ya misa. Nguo zake ziliingia kwenye mfuko mmoja wa unga wa msaada. Phiona alikuja kumchukua mwenyewe, mwanamke mwembamba, mchangamfu, akanishika mikono yote miwili na kuniita dada. Sikupata sababu ya kumchukia, na niliitafuta.

Sijui niieleze vipi ile Novemba. Mvua ilinyesha. Niliamka, nilifundisha, nilirudi. Vyumba vya pembeni watu walifunga milango mapema, na nyuma ya mlango mmoja mwanamke alilia kila jioni kabla ya kupika, akanyamaza, akapika. Nilianza kusema peke yangu. Nilitunga mafumbo ya mapipa na matangi kwa sauti, na nilipogundua kwamba nasubiri jibu niliona aibu, nikazima taa nikalala bila kula. Nilikuwa mpweke, nasema wazi. Nilikuwa mjane tangu zamani na nilidhani upweke naujua. Ule wa zamani ulikuwa na dada mahali fulani.

Shuleni nilimwona kila siku, lakini shuleni nilikuwa Madamu na yeye alikuwa mmoja wa arobaini. Jumamosi alikuja kunitembelea. Mwanzoni alikuja amechoka, macho mekundu, akalala kitandani kwangu mchana kutwa. Halafu akaanza kuja na kitabu. Alinisomea ule ukurasa wa mzee wa kuku, kwa kukwama sasa, kidole kikifuata mstari, akirudi nyuma, vibaya zaidi kuliko zamani. Kama ingekuwa Ijumaa uani, hakuna ambaye angempigia makofi. Kila baada ya mistari miwili alisimama akaniambia kwa Kirundi kile kinachosemwa. Yule mzee hakuvuka, aliuza kuku upande huu huu. Tulicheka sana. Kisha Jumamosi nyingine hakuja, kwa kuwa Gwiza alikuwa na sikukuu ya kuzaliwa, na iliyofuata alikuja, na iliyofuata hakuja.

Jiografia yake ilipanda kabla ya hesabu. Benon alinifuata uani kunionyesha, anatabasamu, na Benon si mtu wa kutabasamu. Halafu sayansi. Halafu mimi nikasahihisha karatasi yake, maswali marefu ya Kiingereza ambayo mimi mwenyewe, mwalimu wake, nilitafsiriwa na Benon kabla ya kuyasahihisha, na alikuwa ameyapata. Nilimwandikia alama zake kwa wino mwekundu nikaenda kusimama nyuma ya vyoo mpaka nikatulia.

Mtihani wa Desemba alifaulu. Yeye na Sangwa na wengine wachache. Ile shule ilikuwa imechelewa sana, ikaamua kufungua milango mara tu baada ya Noeli, maana mwaka ule hata kalenda ilikuwa imechanganyikiwa. Wazazi waliambiwa wawalete watoto mbele ya uwanja wa Amahoro, basi litawachukua pale.

Nilikuwa nimemnunulia beseni na sabuni. Nilipofika nilimkuta Phiona na beseni, sabuni, godoro, blanketi na sanduku la bati lililopakwa rangi mpya. Beseni langu tuliliweka ndani ya beseni lake. Christella alikuwa amevaa sketi iliyokuwa ya Phiona, imekatwa na kushonwa upya. Alikuwa amenenepa kidogo. Alinikumbatia kwa nguvu, nami nikamwambia ale vizuri na asiwe akijibu maswali kabla ya kuyasoma mpaka mwisho.

Mama mmoja mnene alikuwa amekuja na lile basi, mwalimu wa kule, hajui Kinyarwanda kabisa. Alimsimamisha kila mtoto mlangoni na kumuuliza kitu kabla hajapanda.

"Anauliza nini?" nikamnong'oneza Phiona.

"Anauliza nani mzazi wake. Nani wa kuitwa kama mutoto akigonjwa."

Zamu ya Christella ikafika. Sisi wawili tulikuwa nyuma yake, mimi upande huu, Phiona upande ule. Yule mama akauliza. Christella akajibu kwa Kiingereza, haraka, bila kukwama, na halikuwa jibu fupi. Nilisikia jina la Phiona. Nilisikia na langu. Katikati ya majina yale mawili palikuwa na maneno, na kabla yake, na baada yake. Yule mama alitutazama, akatabasamu, akatupa mkono sote wawili kwa zamu, akaandika. Christella akageuka akatupungia, akapanda.

Basi likawashwa. Phiona alikuwa bega kwa bega nami, anajifuta macho, na angeniambia kwa neno moja kile mtoto alichosema. Mdomo wangu ulikwisha kufunguka kumuuliza ni yupi kati yetu aliyetajwa kuwa mzazi. Badala yake nikamuuliza viazi kwao Kibagabaga vinauzwaje siku hizi.

Akaniambia vimepanda sana. Tukasimama pale tukiongea viazi mpaka basi lilipopinda kona.